Maji Kwanza, Viungo Baadaye: Maswali Yenu Kuhusu Tambi za Haraka za Asia

Katika toleo lililopita niligusia kwa aya mbili tu kikombe cha tambi za Kijapani nilichokula nikiwa na homa, na sikutarajia kwamba aya hizo zingeleta barua nyingi kuliko makala yoyote ya mwaka huu. Nimechagua barua nane. Nyingine zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti, hivyo asiyeliona jina lake asidhani amepuuzwa.

*Nimeonja pakiti kumi na mbili kutoka nchi nne za Asia na kuziandikia alama katika daftari. Karibu zote zimepata sita kwa kumi, na maelezo yangu hayabadiliki: chumvi nyingi, tambi laini mno. Je, ulimi wangu una kasoro?*
*Mwenye Daftari*

Ulimi wako ni mzima. Ninayeishuku ni sufuria. Hukuniambia uliweka maji kiasi gani, na ukimya huo ndio ulionipa jibu, kwa sababu mtu anayepima maji hulitaja jambo hilo bila kuulizwa. Pakiti ya Shin Ramyun ya Korea inataka mililita 550, nazo zote hubaki kuwa mchuzi. Pakiti ya Indomie Mi Goreng ya Indonesia inataka takribani mililita 400, na maji hayo humwagwa kabla ya kula. Pakiti nyingi za Japani zenye mchuzi hukaa karibu na mililita 500. Mtu anayepikia zote kwa mazoea yake mwenyewe, glasi mbili za kukadiria na kusubiri hadi zionekane zimeiva, atapata chakula kimoja chenye majina kumi na mawili.

Nakiri kwamba nami niliingia katika shimo hilo. Kwa karibu mwaka mzima niliinyima alama pakiti moja ya Kikorea na kuiita maji ya chumvi yenye pilipili. Siku niliponunua jagi ya kupimia, nilikijaza maji kile kikombe changu kikubwa cha udongo nilichokuwa nikikitumia kama kipimo, nikayamimina katika jagi, na mstari ukasimama kwenye 380. Nilikuwa nimepunguza karibu theluthi moja ya maji kila mara, halafu nikamlaumu mpishi wa kiwandani kwa chumvi ambayo mimi mwenyewe niliikoleza. Kurasa zile za daftari nilizichana.

Kwa hiyo anza upya, na mara ya kwanza ufuate pakiti kama ilivyoandikwa, bila yai, bila kitunguu, bila chochote. Sekunde thelathini kabla ya muda kutimia, toa uzi mmoja wa tambi, ukate kwa meno ya mbele na uutazame pale ulipokatika. Ukiona nukta nyeupe katikati, maji hayajafika kwenye kiini. Nukta hiyo inapokaribia kutoweka ndipo utambi unapokuwa katika hali yake bora, kwa kuwa utaendelea kuiva ndani ya bakuli. Onja mchuzi peke yake kabla hujaugusa utambi, kisha onja tambi zikiwa zimenyanyuliwa na kuchujwa, kisha vyote kwa pamoja, na mwisho onja tena baada ya dakika tano. Kuna tambi zinazong'ara dakika ya kwanza na kugeuka uji dakika ya tano, na kuna mchuzi ambao ukiwa wa moto sana hausemi kitu, lakini ukipoa kidogo samaki na mwani hujitokeza.

Alama usitoe moja. Tenga alama ya tambi, ya mchuzi, na ya vile vipande vikavu vya mboga au nyama, ambavyo kwa kweli mara nyingi huwa ni mapambo tu. Chini ya alama andika sentensi moja inayoweza kumsaidia mtu ambaye hajawahi kuionja pakiti hiyo. "Tamu sana" haimsaidii mtu yeyote. "Mchuzi mwepesi wenye harufu ya uduvi wa kukaangwa, na ukali unaokuja kooni baada ya kumeza" humwambia kila kitu.

*Shikamoo mwandishi. Kwa nini tambi nyingine huiva kwa dakika tatu na kuwa teketeke, lakini zile zilizoandikwa kwamba hazikukaangwa huchukua muda mrefu zaidi na bado zinatafunika vizuri?*
*Mwanafunzi Mdadisi*

Marahaba. Swali lako linatupeleka kwenye kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba moja mjini Ikeda, karibu na Osaka, ambako Momofuku Ando, mzaliwa wa Taiwan wa mwaka 1910, alihangaika na tatizo la kukausha tambi zilizokwisha kupikwa kwa namna ambayo zingerudi katika hali yake kwa maji ya moto tu. Jibu alilipata katika mafuta yanayochemka. Utambi uliopikwa kwa mvuke umejaa maji. Ukitumbukizwa katika mafuta ya nyuzi joto 140 hadi 160 kwa dakika moja au mbili, maji hayo hugeuka mvuke na kutoka kwa kishindo, na kila yanapopita huacha tundu dogo. Maji ya moto yanapomiminwa baadaye, huingia kupitia matundu yale yale. Bidhaa ya kwanza ya namna hiyo, Chicken Ramen, iliingia sokoni tarehe 25 Agosti 1958, na haikuwa chakula cha bei nafuu kama tunavyodhani leo: iliuzwa kwa yeni 35, wakati udon mbichi, yaani tambi nene za ngano za Kijapani, ilipatikana kwa takribani yeni sita.

Tambi zilizokaushwa kwa hewa ya moto hupitia njia ya taratibu zaidi, nusu saa au zaidi katika joto lisilofikia kiwango cha maji kuchemka. Hakuna kishindo, hivyo hakuna matundu mengi, na umbile lake hubaki limeshikamana. Maji huingia polepole, lakini utambi ukishaiva unakuwa na mkazo unaokaribia ule wa tambi mbichi. Tofauti nyingine iko kwenye mafuta: tambi za kukaangwa hubeba mafuta ya asilimia 15 hadi 20 hivi ya uzito wake, na zile za hewa hubeba kidogo sana. Ndiyo sababu pakiti ya kukaangwa iliyokaa muda mrefu kabatini hutoa harufu ya mafuta yaliyochacha. Nusa kabla ya kupika. Ukiisikia harufu hiyo, usiitolee alama, itupe.

Wengi wa wanaojiita wajuzi hutangaza kwamba zilizokaushwa kwa hewa ndizo bora. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Mafuta yanayotoka kwenye tambi za kukaangwa huingia kwenye mchuzi na kuupa unene, ndiyo maana watengenezaji wa tambi za hewa mara nyingi hulazimika kuongeza kifuko cha mafuta kando ili mchuzi usiwe mkavu mdomoni. Kwa mchuzi wa soya au wa miso (soya iliyochachushwa na kusagwa ya Kijapani), ambao unataka utambi wenye ladha safi ya ngano, ninachagua za hewa. Maruchan Seimen, zilizotoka Japani mwaka 2011, ndizo zilizonifanya niamini kwamba utambi wa pakiti unaweza kutafunwa kwa heshima. Kwa mchuzi wa kuku wa kawaida ninachagua za kukaangwa bila kusita.

Jambo la mwisho ni ile rangi ya manjano, ambayo watu wengi hudhani ni yai. Mara nyingi ni kansui, yaani chumvi za jamii ya magadi zinazochanganywa na unga. Hizo huikaza protini ya ngano, huufanya utambi uteleze na kuvutika, na hubadilisha rangi ya unga wenyewe. Ukitaka kuona kwa macho yako, chukua tambi ndefu za kawaida za ngano, nusu uzichemshe katika maji matupu na nusu katika maji yenye vijiko viwili vya chai vya magadi ya kuokea kwa kila lita, uangalie yasifurike, kisha ziweke katika sahani mbili. Fungu la pili litakuwa la manjano zaidi, lenye mkazo zaidi na harufu ambayo utaitambua mara moja kuwa ni ya rameni, tambi za mchuzi za Kijapani.

*Nilifungua pakiti ya Indonesia yenye vifuko vitano. Nikavimimina vyote katika sufuria inayochemka na kupata mchuzi mweusi wenye utamutamu usioeleweka. Hiki ndicho chakula kinachosifiwa dunia nzima?*
*Aliyeharibu Chakula cha Jioni*

Pole sana ndugu yangu. Neno *goreng* katika Kiindonesia maana yake ni "kukaangwa", na *mi goreng* ya pakiti huiga tambi zilizokaangwa katika karai: ni chakula kikavu, na maji yake si ya kunywewa. Vifuko vitano ulivyovikuta ni unga wa viungo, pilipili, mafuta yaliyotiwa harufu ya kitunguu, sosi tamu ya soya iitwayo *kecap manis*, na vitunguu vilivyokaangwa vikakauka. Ukiviweka katika nusu lita ya maji umevizamisha.

Fanya hivi. Wakati tambi zinachemka kwa dakika tatu, fungua vifuko vinne, vyote isipokuwa kile cha vitunguu, uvimimine kwenye sahani na uvikoroge kwa uma mpaka unga uyeyuke ndani ya mafuta na sosi. Chuja tambi, lakini usizikaushe kabisa. Zikiingia kwenye sahani na kijiko kimoja au viwili vya maji yake yenye wanga, sosi itazing'ang'ania badala ya kutuama chini. Zigeuze haraka, kila uzi upate rangi ya kahawia. Vitunguu vije mwisho kabisa, juu, kwa sababu kazi yake ni kulia mdomoni, na kitunguu kilicholowa hakilii.

Usijione mjinga. Kuna vikombe vya Japani vya tambi za namna hii, yakisoba, ambavyo kifuniko chake kina upande wenye matundu ya kumwagia maji. Mara ya kwanza nilipopika kimoja, nilitia sosi pamoja na maji ya moto, nikasubiri dakika zangu tatu kwa nidhamu, kisha nikainamisha kikombe kwenye sinki. Nilibaki na tambi nyeupe zisizo na ladha na sinki lenye harufu ya chakula kizuri. Tangu siku hiyo, kabla ya kufungua kifuko chochote, ninatafuta kwenye pakiti jambo moja tu: je, maji haya yananywewa au yanamwagwa?

*Kijana wangu wa miaka kumi na minne anataka kushindana na wenzake kula zile tambi za Kikorea za kuku wa moto. Mimi mwenyewe nilionja uzi mmoja nikatoka machozi. Nimruhusu?*
*Mama Mwenye Wasiwasi*

Mashindano, hapana, mama. Unazozitaja ni Buldak za kampuni ya Samyang, zilizotolewa mwaka 2012. *Bul* ni moto na *dak* ni kuku, hivyo jina halikumficha mtu chochote. Aina ya kwanza hutajwa kuwa na kiwango cha 4,404 katika kipimo cha Scoville cha ukali wa pilipili, na baadhi ya zilizofuata zikaongezewa ukali zaidi ya mara mbili. Mwezi Juni 2024 mamlaka ya chakula ya Denmark iliagiza aina tatu za tambi hizo ziondolewe madukani kwa hofu kwamba kiasi cha kapsaisini, yaani kile kinachoipa pilipili ukali wake, katika pakiti nzima kingeweza kuwadhuru walaji, hasa watoto, ingawa mwezi uliofuata, baada ya kupima upya, iliruhusu aina mbili kati yake zirudi. Hatari ya mashindano iko katika kula haraka, kula pakiti nzima na kuona aibu kuacha. Mtoto mwenye pumu au vidonda vya tumbo asizikaribie kabisa.

Kuonja nyumbani, akiwa ameketi na hana haraka, ni jambo jingine. Tumia theluthi ya kifuko cha sosi kwa tambi zote, na weka glasi ya maziwa mezani. Maji hayasaidii, kwa kuwa kapsaisini haiyeyuki katika maji na kuyanywa ni kuutembeza moto mdomoni. Mafuta na protini ya maziwa ndiyo yanayouchukua. Kiini cha yai kibichi kinachokorogwa ndani ya tambi za moto, au kipande cha jibini, hufanya kazi hiyo hiyo ndani ya sahani yenyewe.

Kwa wanaoandika tathmini ningeongeza kwamba ukali ni ladha yenye mwendo, na mwendo huo ndio wa kuandikwa. Kuna pilipili inayouma midomo papo hapo na kuondoka, na kuna inayosubiri mpaka umemeza. Buldak, ukipunguza sosi, utagundua kuwa ni tamu sana chini ya ule moto. Wengi hawajui hilo kwa sababu wanakuwa wameshakimbilia bomba la maji. Shin Ramyun ina ladha ya nyama ya ng'ombe na uyoga inayotangulia ukali. Katika tambi za Thailand za tom yum, supu yenye uchachu na pilipili, kama zile za Mama zenye ladha ya kamba, pilipili ni mwenzi tu wa mchaichai, khulinjani (mzizi wa jamii ya tangawizi) na ndimu, na ukiiondoa bado chakula kinasimama. Siku ya kuonja aina kadhaa, kali ije ya mwisho. Ikishatangulia, zinazofuata zote zitakuwa na ladha ya karatasi.

*Nimesikia kuna watu wanaochanganya pakiti mbili tofauti katika sufuria moja. Nilijaribu kwa kuzichagua bila mpango na matokeo hayakulika. Kuna kanuni?*
*Fundi wa Jikoni*

Kuna mfano mmoja ambao kila mchanganyaji anapaswa kuupika kwanza, nao ni *chapaguri* wa Korea. Unaunganisha Chapagetti, yenye sosi nyeusi ya maharagwe yaliyochachushwa, na Neoguri, yenye tambi nene na mchuzi mkali wa viumbe wa baharini. Zote mbili ni za kampuni ya Nongshim, za miaka ya 1984 na 1982. Sababu ya kufaulu kwake ni kwamba kila moja ina pengo ambalo mwenzake analiziba. Chapagetti ni nzito na tamu lakini imelala, na Neoguri ina bahari na pilipili lakini ni nyepesi. Ulipochagua bila mpango, nadhani uliunganisha pakiti mbili zenye nguvu za namna moja, zikapigana.

Chemsha vitalu vyote viwili vya tambi pamoja, ukitanguliza kile kipande cha mwani wa Neoguri na vipande vikavu vya mboga. Neoguri ina tambi nene, hivyo uitangulize kwa dakika moja hivi. Zikikaribia kuiva, mwaga maji ubakize kama mililita 150. Rudisha kwenye moto mdogo, tia unga wote wa Chapagetti na nusu tu ya unga wa Neoguri, koroga mpaka maji yawe sosi inayong'aa, kisha zima moto na utie kifuko cha mafuta. Hapo ndipo ilipo kanuni unayoitafuta: vifuko viwili kamili havitoshani katika sahani moja. Kwa vitalu viwili vya tambi, viungo visizidi pakiti moja na nusu, na ile pakiti ya nusu iwe ndiyo yenye ukali.

Baada ya hapo jaribu upendavyo, lakini badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukitia yai, maziwa na siagi ya karanga siku moja, na chakula kikawa kizuri, hutajua ni nani wa kushukuriwa. Yai pekee linatosha kwa majaribio ya wiki nzima: likikorogwa na kumiminwa katika mchuzi unaochemka hutoa nyuzi na kuufifisha mchuzi, likivunjwa na kuachwa bila kuguswa dakika mbili za mwisho huuacha mchuzi ukiwa safi, na kiini kibichi kikiwekwa juu ya tambi kavu hugeuka sosi. Maziwa ya ng'ombe badala ya theluthi ya maji hufaa sana kwa mchuzi mkali wa Kikorea. Kwa tom yum, usiyathubutu yakiwa yanachemka, kwani yakikutana na uchachu wa ndimu hukatika na kuwa mabongemabonge. Tumia tui la nazi, tena baada ya kuzima moto. Siagi kidogo na punje za mahindi katika mchuzi wa miso si ubunifu wangu, ni desturi ya Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, nami sijaona sababu ya kuibadilisha.

*Nilionja kikombe kile kile cha udon cha Japani mara mbili, jina moja, picha moja, lakini mchuzi wa pili ulikuwa mweusi na mkali wa samaki zaidi. Nimekosea kupika?*
*Msafiri*

Safari hii hukukosea. Ikiwa ni Donbei ya Nissin, tafuta herufi ndogo E (mashariki) au W (magharibi) kwenye kikombe. Mashariki mwa Japani watu hupenda mchuzi mweusi wa sosi ya soya wenye ladha nzito ya samaki aliyekaushwa, na magharibi hupenda mchuzi wa rangi hafifu unaoegemea mwani, hivyo kampuni hiyo hutengeneza michuzi miwili na kuiuza chini ya jina moja. Vikombe vyote viwili vikikufikia, vipike pamoja na uvionje sambamba. Sijui somo bora zaidi la kutofautisha ladha ya samaki na ladha ya mwani. Katika daftari lako, andika kila mara nchi ilikotengenezwa pakiti, kwa kuwa jina moja linaweza kuwa na mapishi tofauti kwa masoko tofauti.

*Je, ni kweli kwamba tambi hizi hupakwa nta? Na msomaji anayejali halali na chumvi atazame nini kwenye pakiti?*
*Mlaji Mwangalifu*

Nta hakuna. Ule ukungu unaoelea juu ya maji ni wanga na mafuta ya kukaangia.

Kuhusu halali, usiamini picha. Pakiti yenye picha ya kamba au ya uyoga inaweza kuwa na mafuta au unga wa nguruwe ndani ya kifuko cha viungo, jambo la kawaida katika bidhaa za Japani na Korea zilizokusudiwa soko la nyumbani. Tafuta alama rasmi ya halali, ambayo hupatikana kwa urahisi zaidi kwenye bidhaa za Indonesia na Malaysia, na siku hizi kwenye baadhi ya bidhaa za Korea zinazouzwa nje. Kampuni moja inaweza kuwa na aina zenye alama hiyo na nyingine zisizo nayo, kwa hiyo tazama kila pakiti.

Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku. Pakiti nyingi huandika sodiamu badala ya chumvi. Zidisha namba hiyo mara mbili na nusu. Ukikuta sodiamu ni miligramu 1,800, basi ni gramu nne na nusu za chumvi, karibu posho yako yote ya siku katika bakuli moja. Sehemu kubwa iko katika mchuzi, kwa hiyo anayeonja aina nyingi aonje mchuzi kwa vijiko vichache na kuuacha. Kupunguza unga wa viungo pia kunafaa, ila iwe baada ya kuandika tathmini.

*Rafiki yangu ameniletea kutoka China pakiti ya luosifen. Nilipoifungua nikadhani imeoza. Niile?*
*Mwenye Pua Kali*

Haikuoza. Luosifen ni chakula cha mji wa Liuzhou katika jimbo la Guangxi: tambi za mchele katika mchuzi uliochemshwa kwa konokono wa mtoni. Wengi huwasingizia konokono harufu hiyo, lakini inatoka kwenye machipukizi ya mianzi yaliyochachushwa, ambayo yamo katika kifuko chake peke yake. Kwa hiyo una uhuru ambao pakiti nyingine hazikupi, wa kukipunguza chanzo cha harufu bila kuugusa mchuzi.

Tambi za mchele hazina ngano wala matundu ya kukaangwa, hivyo usitarajie dakika tatu. Chemsha karibu dakika kumi, uzichuje, kisha uzirudishe katika maji mapya pamoja na kifuko cha mchuzi. Maji ya kwanza yana wanga mwingi na hugeuza mchuzi kuwa mzito bila sababu. Tia nusu ya mianzi, karanga na vipande vya ngozi ya soya vije mwisho ili vibaki vikavu, na siki yake uiongeze tone kwa tone. Asiyekula ngano asome pia viambato vya mchuzi, kwa kuwa sosi ya soya mara nyingi hutengenezwa kwa ngano.

Mara yangu ya kwanza nilikula vijiko vitatu kwa adabu tu. Mara ya pili nilimaliza bakuli, na jirani akabisha hodi kuuliza kama bomba la maji machafu limepasuka. Fungua dirisha kabla hujafungua kifuko cha mianzi, na ukishamaliza, pakiti tupu ipeleke moja kwa moja nje.